Pongo Aliyesimama Mbele ya Matete

Picha zangu nzuri kuliko zote hazijawahi kuonwa na mwanamume, na sina mpango wa kubadili jambo hilo. Nilikuwa mpiga picha wa ndani. Kule Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa Bujumbura, harusi ilikuwa na pande mbili. Nje, chini ya turubai, walikaa wanaume na pilau yao na mawaidha yao marefu. Ndani, milango imefungwa na mapazia yameshushwa, walikuwa wanawake waliovua mabuibui, wamesukwa, wamepakwa hina, wanacheza mpaka jasho linawatiririka. Mwanamume mwenye kamera hapiti mlango ule hata awe mjomba wa bibi harusi. Nilipita mimi.

Ufundi niliupata kwa baba. Alikuwa na duka la vitambaa, na nyuma ya duka alikuwa na chumba alichopigia watu picha za vitambulisho. Yeye alipiga sura ambazo serikali ilizitaka: masikio yote mawili yaonekane, mdomo ufungwe. Mimi nilipiga sura ambazo wenyewe walizitaka. Alipofariki nilirithi kamera, chumba cha giza ambacho zamani kilikuwa stoo ya mchele, na lenzi moja ndefu aliyoinunua kwa Mgiriki aliyekuwa akifunga virago kuhama nchi. Lenzi hiyo kwangu ilikuwa haina kazi. Ndani ya chumba cha harusi ilinionyesha tundu moja tu la pua ya bibi harusi.

Kazi ya ndani ilikuwa na masharti yake, na sikuyatunga mimi. Filamu haipelekwi kwenye mashine za mjini, ambako vijana wa kaunta hugeuza picha moja moja wakichekelea. Nilisafisha na kuchapa mwenyewe. Picha zikishatoka, negativu zote hukabidhiwa mama wa bibi harusi, azitunze au azichome, shauri yake. Halafu kulikuwa na sharti kubwa zaidi. Mtu ambaye hakukubali kupigwa picha lakini akajikuta ndani yake, labda shangazi anayepita na sinia, labda jirani anayenyonyesha kwenye kona, lazima aondolewe. Nilichukua sindano ya kushonea, nikaikwangua negativu taratibu pale penye uso na nywele mpaka mtu akatoweka. Kwenye picha iliyochapwa, mahali pake palibaki doa jeusi. Kitendo hicho tulikiita kumvalisha. "Shangazi yako nimemvalisha," nilisema nikikabidhi bahasha, na mama mtu akaridhika. Albamu za Buyenzi zimejaa wanawake niliowavalisha, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini kando ya keki kuna jirani asiye na uso.

Vita vilikuwa vimeshaingia mjini, vikatoka, vikaingia tena. Mtaa wa Kinama ulikuwa umehamwa, watu wake wametawanyika, wengine milimani, wengine hakuna aliyejua ni wapi. Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo, hivyo petroli, sukari na filamu vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Lakini harusi hazikukoma. Watu walioana mchana kweupe na kwa haraka, ili wageni wawahi makwao kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku.

Kaka yangu hakuwa na habari na harusi. Tumezaliwa tumbo moja na hatufanani hata kidogo. Mimi napenda watu, vyumba vilivyojaa, kelele. Yeye alikuwa mlinzi wa hifadhi kwenye mdomo wa Rusizi, pale mto unapoingia ziwani upande wa magharibi wa mji, na alipenda mahali ambapo hakuna anayemsemesha. Tangu ujana wake alilinda kipande kimoja cha matete na vichaka, na ndani ya kipande hicho waliishi pongo. Pongo ni jamii ya swala, rangi yake kahawia inayoelekea wekundu, ana madoa meupe ubavuni, na dume lina pembe fupi zilizojipinda. Hukaa peke yake karibu na maji, na akishtuka hubweka kama mbwa. Hayo yote niliyajua kwa kulazimishwa, kwa sababu kaka akija kula kwangu hakuwa na hadithi nyingine.

Siku moja alikuja akala vijiko vichache tu, akasukuma sahani. Nikajua kuna jambo, maana kaka hakuwa mtu wa kusukuma sahani. Akaniambia ofisi yao imepata mkubwa mpya, msomi mwenye nyumba yake Mutanga Sud, mtaa wa wenye nacho, na mkubwa huyo anataka kile kipande cha matete kikatwe, kigawiwe walimaji wa mpunga. Hoja yake ni kwamba njaa na bunduki vimeshawamaliza wanyama, na ofisi haiwezi kulinda majani matupu. Anayesema wanyama wapo alete picha kabla ya mkutano wa Jumatatu.

"Nilienda kwa batu ba picha ba soko," kaka akasema kwa Kiswahili chetu cha Bujumbura. "Bote banakataa. Mwanaume akionekana na kamera kule kwa muto, huyu anasema ni mupelelezi, ule naye anasema ni mupelelezi."

"Na mi unanileta kwa nini? Mi napiga bibi harusi. Huyo pongo anaolewa na nani?"

"Usicheke, dada. Mwanamuke na buibui yake, nani atamuuliza kitu?"

"Na viboko?"

"Viboko asubuhi banarudi mu maji."

"Apana, kaka. Mi naogopa hata bata."

Hakunibembeleza. Aliitazama tu ile sahani, na mimi nikamwonea huruma. Nikamwambia nina filamu nyeusi na nyeupe iliyobaki nusu ndani ya kamera, na nikaenda kuipangusa vumbi lenzi ya Mgiriki.

Tuliondoka amri ya kutotembea ilipoisha tu, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli ya ofisi na kikapu mapajani. Kamera iliwekwa chini kabisa, na juu yake nililaza gauni la harusi ambalo nilikuwa nakodisha kwa mabibi harusi wa kipato kidogo. Kwenye kizuizi cha barabara ya Gatumba askari mmoja alilichokonoa gauni kwa mtutu wa bunduki, akauliza tunakwenda wapi. Kaka akasema harusini. Askari akaendelea kuchokonoa mpaka chuma kikagonga kamera. Akaitoa, akaigeuza, akanitazama. Kisha akafunga vifungo vya shati lake mpaka juu, akajinyoosha, akaniambia nimpige. Nilimpiga vizuri tu. Baadaye, picha ilipokuwa tayari, niliipeleka kizuizini nikaambiwa amehamishiwa kwingine, na hakuna aliyetaka kuipokea.

Watu wanaosikia neno safari ya kupiga picha wanyama hufikiria gari la wazi na kofia pana. Mimi nilikuwa na buibui iliyolowa tope hadi magotini. Tuliificha baiskeli kwenye kichaka, tukafuata njia iliyolimwa na miguu ya viboko, kaka mbele, akisimama kila mara kunusa hewa. Alinikalisha nyuma ya kichuguu akaniambia buibui ni nguo nzuri kuliko sare yake, maana nyeusi haionekani kivulini. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake kuhusu mavazi. Akanielekeza tena jambo ambalo alikuwa amenieleza njia nzima. Picha lazima ionyeshe mikoche, ile minazi ya porini yenye matawi, pamoja na milima ya Kongo ng'ambo ya pili. Pongo wapo pia kwenye bustani ya wanyama ya mjini, nyuma ya waya, na mkubwa lazima aone kwamba huyu si wa bustani.

Tukakaa. Mbu walituona kabla ya pongo. Jike alipita na mwanawe nikabonyeza haraka mno, na nikajua kabla hata ya kushusha kamera kwamba nimepiga ukungu. Mwingine akanipa makalio. Nilikuwa nimezoea viumbe wanaoganda wakiona kamera, wanaovuta tumbo ndani na kuuliza kama shanga zimekaa sawa. Hawa hawakutaka kitu kwangu. Niliona kama dharau, na nilimwambia kaka hivyo, akaniwekea kidole mdomoni.

Jua lilikuwa limeshapanda nyuma yetu, juu ya milima ya upande wa mjini, na mwanga ukaanguka mbele yetu wote, laini, mwanga ambao ningelipia kuupata sebuleni. Kaka akanigusa kiwiko. Dume lilitoka kichakani, likasimama pembeni mwa matete, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa. Shingo ilikuwa nene, madoa yamepangika ubavuni. Juu ya mgongo wake kulikuwa na matete, juu ya matete mikoche, na mbali kabisa ile milima. Kila alichotaka kaka kilikuwa ndani ya kioo kimoja. Niligeuza lenzi mpaka jicho la pongo likawa kali, na nakiri kwamba nilitaka kumwambia ainue kidevu kidogo. Aliinua mwenyewe. Nikabonyeza.

Akabweka, akaingia majani, akaondoka. Kaka alinikumbatia pale kwenye tope, mtu ambaye hajanikumbatia tangu tumzike baba. Njiani kurudi aliimba, na sauti yake ni mbaya sana.

Filamu niliisafisha mchana ule ule. Ilipokauka niliilaza kwenye kioo chenye taa, nikainama juu yake na kile kioo cha kukuzia cha baba. Askari alikuwa safi. Jike na mwanawe walikuwa ukungu kama nilivyodhani. Kisha nikamfikia dume. Alikuwa mzuri, nasema bila haya, mzuri kuliko mabibi harusi wengi niliowapamba kwa mwanga. Nikamtazama kwa muda, nikafurahi. Halafu macho yangu yakafanya kama yalivyozoea: yakamwacha bibi harusi, yakaenda kukagua kona.

Kati ya pongo na mikoche, mahali matete yalipoachana, kulikuwa na mwanamke. Alikuwa amechutama kwenye maji akimwogesha mtoto, kichwa wazi. Nyuma yake alisimama mzee ameshika sufuria. Kwenye negativu cheusi huwa cheupe, hivyo nywele zao wote watatu zilikuwa nyeupe, hata za mtoto. Mzee na mtoto walitazama maji. Mwanamke alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa ametuona, na pengine alituangalia muda wote ambao sisi tulikuwa tukimwangalia pongo.

Mkono ulikuwa umeshachukua sindano. Sikufikiri kitu. Hakuulizwa, nywele zake ziko wazi, basi anavalishwa. Nilimvalisha yeye, nikamvalisha mtoto, nikamvalisha na mzee, ingawa wanaume hawajawahi kuwa wateja wangu. Nilifanya polepole na kwa unadhifu. Nilipomaliza ndipo nilipokumbuka kwamba haikuwa harusi, na kwamba watu waliojificha kwenye matete wakati wa vita hawakujificha kwa sababu ya nywele.

Kaka alikuja jioni kabla ya saa ya kutotembea, uso wote umekunjuka. Nilimpa picha iliyochapwa nzima. Akamtazama pongo, akatikisa kichwa kwa furaha, kisha kidole chake kikafika kwenye yale madoa meusi.

"Hapa kuko nini?"

"Kuko batu. Mama na mutoto na muzee. Nimewavalisha."

Nilitegemea ashangae. Alivuta kiti akakaa.

"Nabajua," akasema. "Ni batu ba Kinama. Bako mule tangu Kinama inahamwa."

"Unabajua na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuja?"

Nisingekuja, na alijua. Akanieleza kwamba kila akizunguka hupita mbali na pale na hukohoa kwa nguvu ili wasishtuke. Hajawahi kusema nao zaidi ya salamu. Aliwahi kukuta ngozi ya pongo imeanikwa, akageuka akaondoka. "Banakula pongo bangu," akasema, kwa sauti ya mzazi anayelalamika kuwa watoto wamemaliza sukari. Alikuwa mlinzi wa wanyama na alikuwa akiwaacha watu wale wale waliokuwa wakiwamaliza. Nilitaka kumtania kwa hilo nikashindwa.

Tukaanza kuhesabu njia zilizobaki, na zilikuwa chache. Picha ile isingekaa kwa mkubwa. Ingeingia kwenye dosiye, lile jalada la ofisini, na dosiye ingepita ofisi baada ya ofisi, na mojawapo ilikuwa ya jeshi, kwa kuwa ukanda wote ule ulikuwa chini ya askari. Wakiona watu ndani ya matete watasema ni waasi. Madoa nayo hayakusaidia. Anayeona doa jeusi kwenye harusi anajua ni heshima, lakini anayeliona kwenye matete atauliza nani kafichwa hapo. Kurudi kupiga nyingine haikuwezekana. Tangu adhuhuri risasi zilikuwa zikisikika upande wa Gatumba na barabara imefungwa, na mji mzima haukuwa na filamu. Na kwenye kuchapa huwezi kubakiza pongo pamoja na mikoche ukakata kilicho katikati yao.

"Na tusipopeleka picha?" nikauliza.

"Banakata matete. Bakiisha kukata, hawa banaonekana tu. Watajificha nyuma ya nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa ni kitu gani tulichokuwa tumeshika. Picha nzima ingeyaokoa matete na kuwapeleka askari kwa wale watu. Picha bila wao isingemshawishi mtu, na matete yangekwenda, na wao wangebaki peupe. Nikamwuliza kaka kipi kitafika upesi. Akasema askari wanaweza kufika kesho, walimaji watafika mvua zikianza. Tulichagua mvua. Hatukuapa wala kushikana mikono. Niliingia chumba cha giza nikachapa upya, nikibana ukingo kutoka pande zote hadi akabaki pongo na majani kidogo tu. Ilitoka picha ya kitambulisho: shingo, pembe, masikio yote mawili.

Jumatatu mkubwa alitaka na mpiga picha aje. Nilivaa buibui iliyofuliwa nikaenda na kaka. Kulikuwa na meza ndefu na wanaume kadhaa waliovaa tai. Mkubwa alikuwa mtu wa adabu, aliinuka akanipa kiti. Kwa kaka alisema Kifaransa, kwangu akasema Kiswahili cha mjini. Aliichukua picha, akavaa miwani, akaitazama kwa makini.

"Pongo muzuri sana, mama. Lakini huyu si nilimuona kule mu bustani?"

Wanaume wakacheka kidogo. Kaka akasema si wa bustani, ni dume wa upande wa ziwani, anamjua kwa pembe ya kushoto iliyovunjika ncha. Mkubwa akasema anaamini kwamba kaka anaamini, lakini dosiye inahitaji mahali, na picha hii haina mahali.

"Bon. Negatifu iko wapi? Labda kuko kitu tunaweza kuona pembeni."

Nikajibu kama ninavyojibu kila mtu, kwamba kazini kwangu negativu hupewa mwenye sura. Mkubwa alicheka mpaka akavua miwani. "Mwenye sura? Si ni pongo!" Na meza nzima ikacheka naye.

Nilikasirika. Nimechekwa na watu wengi, lakini huwa wananilipa. Negativu ilikuwa kwenye mkoba mapajani mwangu, na nilijua kwamba nikiitoa na kuiinua dirishani wataona mikoche, wataona milima, watanyamaza. Mkono wangu ulikuwa juu ya kifungo cha mkoba. Nilitaka sana kuwanyamazisha. Kaka akaona mkono. Tangu ujana wake hakuwa na kazi nyingine wala mapenzi mengine zaidi ya kipande kile cha ardhi, na yeye ndiye aliyesema, akimtazama mkubwa usoni, "Mukubwa, picha ni hii tu. Hakuna ingine."

"Donc, basi, kule hakuna kitu," mkubwa akasema kwa upole, akafunga dosiye, akatushukuru kwa kuja.

Tulitembea hadi nyumbani. Nilipofika niliwasha jiko la mkaa, nikaitia negativu ile, ikajikunja na kutoa moshi mchungu, na kaka akala chakula chake chote. Baada ya muda mfupi walimhamisha kulinda lango la ghala moja mjini. Hakulalamika. Alianza kuja kula kwangu kila siku na hakuwa na hadithi yoyote.

Barabara ya Gatumba ilipofunguliwa, mawingu yakiwa yameanza kukaa milimani, aliniambia wanakata wiki ijayo na kwamba anataka kwenda kuwaambia wale watu. Sikumbuki kama aliniomba niandamane naye. Nilichukua kikapu na lile gauni, na kamera nikaiacha. Kizuizini walikuwa askari wengine, wakatupitisha bila hata kutazama.

Kaka alikohoa kwa nguvu mara kadhaa tulipokaribia maji, kisha tukasubiri. Mwanamke alitoka akijifunga kitenge kichwani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na macho yangu ya kazi yakaona kwamba chini ya kitenge nywele zimesukwa vizuri, mistari imenyooka. Mtoto alimshika nguo kwa nyuma. Mzee hakuona mtu aliyestahili kuinukiwa, alibaki amekaa kando ya moto uliofunikwa majivu. Kaka akawasalimu, akawaeleza bila kuzunguka: wakubwa wameamua matete yakatwe, watu walime mpunga, kwa sababu wameona huku hakuna kitu.

"Nani alisema huku hakuna kitu?" mwanamke akauliza.

Kaka akatazama chini. Nikajibu mimi.

"Ni picha yangu ndiyo inasema hivyo. Mulikuwa ndani. Nikawafuta."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ile kupitia lenzi, hakupepesa.

"Bote?"

"Bote."

"Na mutoto?"

"Na mutoto."

Alifikiri kidogo. Kisha akaja, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama mtu aliyepokea zawadi kutoka kwa mzazi, akasema, "Asante, mama. Mungu akubariki." Akamgeukia kaka akauliza njia isiyo na askari. Kaka akamweleza kuhusu wavuvi wa alfajiri wanaoweza kuwavusha kwa mtumbwi kuelekea kusini hadi Ruziba, ambako watu huja na kwenda na hawaulizwi sana. Mwanamke alirudia maelekezo yote bila kukosea, akamwaga maji yaliyokuwa kwenye sufuria, akaanza kufunga mizigo.

Njiani kote nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Nilikuwa na majibu yangu tayari, ya askari na mvua na kipi kinafika upesi. Sikutegemea kushukuriwa na mtu ambaye picha yangu ndiyo iliyokuwa ikimhamisha. Nilikaa chini kwenye tope na buibui yangu nikalia kwa sauti, mimi ninayepiga picha za wanawake wanaolia kila wiki bila kutikisa kamera, na kaka, ambaye hakuwa tena na kitu cha kulinda mahali pale, akasimama kando yangu akanisubiri nimalize.